Mlio Kama Ule wa Mzee

Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo, na Fundi Meno mwenyewe hakuwa mdogo. Hilo ndilo jambo la kwanza watu wa mtaani waliliona, na hawakulinyamazia. Mwenye duka la pale kwenye kona aliacha kupima sukari, akatoka hadi mlangoni na kijiko chake mkononi, akamtazama jirani yake akipita taratibu kama bibi harusi anayeingia ukumbini.

"Jirani," alisema, "hiyo umeipanda au umeivaa?"

"Nimeivaa," Fundi Meno akajibu bila kusimama. "Vuta subira, nikutafutie saizi yako."

Waliomwita Fundi Meno hawakumsingizia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno, chumba kinachonuka plasta mbichi na plastiki iliyopata moto. Kwenye rafu yake zilijipanga taya za watu wa kila namna, zimepanuka kana kwamba zinacheka kichekesho alichokisema yeye. Mara nyingi alikuwa amekisema kweli. Mtu huyu hakukosa neno la kuchekesha. Hata msibani watu walimkalisha mbali na wafiwa, ikawa tabu, maana waombolezaji walihamia upande wake.

Sasa tuje kwenye pikipiki. Ilikuwa mpya inayojifanya ya zamani. Taa ya mbele mviringo kama sahani ya kikombe, tangi la mafuta la kijani cha chupa lenye mipira myeusi pembeni pa kubania magoti, kiti kirefu cha kahawia kilichoshonwa mistari mistari, na madigadi yanayong'aa hadi unaweza kunyolea ndevu. Lakini chini ya hayo yote kulikuwa na breki ya kisasa, swichi ya kuwashia na kijidirisha cha kuonyesha mafuta kwa tarakimu. Yaani kama kijana aliyevaa koti la babu yake huku simu inamlilia mfukoni.

Wiki ya kwanza alijifunza tabia zake, na kila jioni alimsimulia mkewe kama mtu aliyeoa upya. Asubuhi yenye baridi haitaki swichi, inataka ipigwe kiki kwa heshima. Mlimani inanung'unika kama mtoto aliyetumwa dukani katikati ya mchezo. Ikikimbia, vioo vya pembeni vinatetemeka, lori moja lililo nyuma yako unaliona mawili. Mafuta inakunywa kwa adabu. Kiti kizuri kukitazama, kukikalia ni habari nyingine.

"Na mimi je?" mkewe alimwuliza siku moja akikunja nguo. "Lini uliwahi kuwasimulia watu habari zangu hivi?"

"Wewe hupigwi kiki, mama watoto. Wewe unawaka mwenyewe."

Alichekwa, akarushiwa soksi.

Kisa cha kuinunua kilikuwa kimoja tu. Baba yake, Mzee, alikuwa na pikipiki ya namna hiyo, ya kweli, enzi hizo. Alifariki kwa ugonjwa wa ini mwanawe akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Fundi Meno alibaki na kumbukumbu kidogo: amekalishwa juu ya tangi, mikono miwili mikubwa imempita huku na huku hadi kwenye usukani, harufu ya sabuni na tumbaku, upepo mdomoni, na mlio ule wa injini ukimpanda kutoka makalioni hadi kwenye meno ya utotoni. Zaidi ya hapo alikuwa na picha moja iliyofifia. Vilimtosha. Amekua navyo, ameoa navyo, amezaa navyo, na kila alipohadithia habari za baba, uso wake ulirudi kuwa wa mtoto.

Kwa hiyo kasoro moja ya pikipiki ilimkera kuliko kiti na vioo. Mlio. Ilikuwa inalia kwa upole mno, kama cherehani.

"Kaka, hizi za siku hizi ndivyo zilivyo," alisema Spana, fundi wake wa pikipiki, kijana mrefu mwenye gereji ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. "Bomba la moshi limejazwa vichujio. Linatoa sauti iliyooga."

"Mimi nataka isiyooga. Nataka tu-tu-tu-tu, nzito, ya kifuani. Halafu ukipunguza mwendo inakohoa. Hivi." Akakohoa.

"Hebu tena?"

Fundi Meno akakohoa tena, wateja wote wa gereji wakamgeukia. Mtu anayetengeneza meno ya bandia hakubali kitu kinachokaribia kufaa. Anamvika mgonjwa meno, anamwambia uma, anatoa, anapunguza kidogo, anarudisha: hapa je? Na hapa? Anafanya hivyo hadi mgonjwa mwenyewe anasahau kwamba kuna kitu mdomoni. Basi ndivyo alivyofanya na bomba. Jumamosi nzima alisimama pale amefumba macho huku Spana akifunga bomba hili, akifungua, akifunga lile, akikata, akichomelea. Hapana. Bado. Inapiga makelele tu, haikohoi. Hapana. Hadi jua linaelekea kushuka, Spana akapiga kiki, na Fundi Meno akakaa chini juu ya tairi kuukuu.

"Hapo," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Hapo hapo. Usiguse."

Sasa, nyumbani kwake aliishi pia mama yake mzazi. Alikuwa amemchukua baada ya ugonjwa wa kusahau kumwanza. Hakuwa msumbufu. Alikuwa akisahau kama amekula, anakula tena, hakuna hasara. Alikuwa akimwuliza mwanawe kwa kunong'ona: "Huyu dada mpole wa jikoni umempata wapi? Usimwachie." Redio yake iliimba kutwa, viatu vyake alivivua popote, kimoja sebuleni, kimoja uani, na alipoiona pikipiki mara ya kwanza, ile iliyokuwa ikilia kama cherehani, aliipapasa taa akasema ina macho ya mdudu. Basi, akaenda zake.

Baada ya ile Jumamosi mambo yakabadilika, na Fundi Meno alikuwa wa mwisho kujua yanabadilika kuelekea wapi.

Jioni ya kwanza alipofika na mlio mpya alimkuta mama amesimama sebuleni, wima, mgongo karibu na ukuta. Redio imezimwa. Viatu vya nyumba nzima vimepangwa mlangoni, visigino vimelingana. Meza imefutwa, sahani imefunikwa. Mama amejifunga kitambaa safi kichwani.

"Karibu," alisema mama, macho chini. "Leo sikutoka. Waulize majirani, sikutoka kabisa."

Fundi Meno alipasuka kwa kicheko cha furaha. Alielewa, au ndivyo alivyodhani: mama amesikia mlio, amemkumbuka mumewe, amejipamba kumpokea! Akamshika mabega, na mama akakaza mwili, na yeye akaona ni haya ya bibi harusi.

"Umeona?" alimwambia mkewe jikoni. "Mapenzi ya zamani hayo. Akili imesahau hadi jina langu, lakini mlio wa mume haijausahau."

Mkewe hakucheka. "Mikono yake inatetemeka, baba watoto."

"Furaha hiyo."

"Mimi nimeshaona furaha. Haifanyi mtu ajibane ukutani."

"Wewe wivu tu, hujawahi kunipangia viatu."

Jioni zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Mlio ukisikika kwenye kona, pale dukani, mama anainuka. Anazima redio. Anapanga viatu. Fundi Meno akaanza hata kupiga resi kidogo pale kwenye kona, makusudi, ili mama apate muda wa kujiandaa. Akaurekodi mlio kwa simu, akamtumia dada yake mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa pili wa mji. *Sikiliza! Nani huyo? Mama amefufuka, dada. Njoo uone.*

Dada alijibu siku ya pili. *Nimesikia.* Basi.

"Walimu wakuu," Fundi Meno alimwambia mkewe. "Hata pongezi wanatoa kwa kubana matumizi."

Kilichomfumbua macho ni mafua, hakuna la maana zaidi. Alikuwa ameiacha pikipiki kwa Spana arekebishe waya wa klachi, na siku hiyo akaruhusiwa kutoka kazini mapema kwa sababu huwezi kupima meno ya watu huku unapiga chafya. Akarudi kwa miguu. Spana aliahidi kuileta nyumbani mwenyewe.

Mkewe alikuwa sokoni. Fundi Meno akakaa jikoni na mama, ungo wa mchele katikati yao, wanatoa mawe. Redio inaimba. Mama kiatu kimoja mguuni, kingine Mungu anajua. Alikuwa anamsimulia mwanawe habari za mtu fulani aliyemeza kifungo cha shati utotoni, kisa kirefu kisicho na mwisho, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Mlio ukaja kutoka kwenye kona. Tu-tu-tu-tu. Mzito, wa kifuani.

Fundi Meno ndiye aliyekuwa juu ya pikipiki siku zote. Hakuwahi kuwa ndani ya nyumba ikifika.

Ungo ukaenda chini, mchele ukatapakaa. Mama hakuutazama. Alimkamata mwanawe kifundo cha mkono, na nguvu zile zilitoka wapi hajui, akamvuta hadi chumbani, akafungua kabati la nguo, akamsukumiza ndani. Mtu mzima, tumbo lake, mafua yake, katikati ya magauni ya mkewe. Alitaka kucheka. Kweli alikuwa tayari amefungua mdomo aseme kabati hili halina saizi yangu. Mama akamwekea kiganja mdomoni.

"Tunacheza kujificha," alinong'ona. Alikuwa anatabasamu, na midomo ilikuwa inamtetemeka kwenye lile tabasamu. "Eeh? Kama jana. Ukitoa sauti umeshindwa. Wewe huwa unashinda, mwanangu. Unashinda kila siku."

Akafunga mlango.

Gizani, pua ndani ya gauni, Fundi Meno akakumbuka ule mchezo. Alikuwa ameusahau kabisa. Kabati lenye harufu ya dawa ya nondo, magoti kifuani, na fahari ya mtoto anayejua kunyamaza kuliko watoto wote duniani. Alikuwa bingwa. Halafu mama alikuja kumfungulia, akimpongeza, akimfuta vumbi kwa upande mmoja wa kitambaa huku upande mwingine ameushikilia shavuni. Mara nyingine alisinzia humo humo. Asubuhi Mzee alikuwa mwema kupita kiasi. Asubuhi ndiyo ilikuwa ya kukalishwa juu ya tangi.

Mlio ukakohoa uani, ukazimika.

"Hodi wenyewe!" sauti ya Spana, changamfu kama kawaida yake. "Mzigo umefika!"

Redio ilinyamaza. Akasikia viatu vinapangwa haraka haraka, halafu sauti ya mama, ndogo, imepigwa pasi, haina mkunjo hata mmoja.

"Karibu. Leo sikutoka. Chakula kipo tayari."

"Aah, mama, shikamoo. Mimi Spana, nimeleta—"

"Ni mimi tu niliyekosea," mama akasema. "Mimi tu. Mtoto mwache, amelala. Njoo kwangu."

Fundi Meno akasukuma mlango wa kabati, akatoka na gauni shingoni, akafika sebuleni. Mama alikuwa amesimama mbele ya yule kijana, mikono miwili imejikunja juu ya kichwa, akisubiri.

Dada alikuja siku ya pili yake, bado na chaki kwenye mkono wa gauni. Hakuingia ndani kwanza. Waliketi uani kwenye benchi, pikipiki mbele yao inang'aa.

"Ulijua," Fundi Meno alisema.

"Nilikuwa na masikio. Mimi nililala chumba cha pili, kabatini kulikuwa na nafasi ya mmoja."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii, dada! Nimehadithia habari za tangi mbele yako mpaka kwenye harusi yako."

"Nilikuwa nakwenda msalani ukianza. Hukugundua?" Akafuta chaki, haikutoka. "Mama alinikataza. Siku tunatoka kuzika, alinishika hapa begani, akaniambia: mimi na wewe baba hatunaye siku nyingi. Huyu mdogo anaye. Mwache abaki naye."

"Lakini alinipenda. Mimi alinipenda, dada."

"Alikupenda," dada alisema. "Hilo nalo ni kweli. Ndilo lililokuwa likinichosha."

Fundi Meno alitafuta neno la kuchekesha, kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa mfuko alioutoboa mwenyewe. Hakupata. Alichopata ni kumbukumbu ya jioni zote zile alizokuwa anapiga resi pale kwenye kona ili mama ajiandae. Akainama, akaweka kichwa mikononi.

"Mimi ndiye niliyemtafuta," alisema. "Nimesimama kwa Spana Jumamosi nzima. Nimempima hadi amekaa sawasawa. Nikamleta nyumbani."

Dada akamwekea mkono mgongoni, hakusema si kosa lako, maana hakuwa mtu wa kusema mambo ili mradi.

Aliisukuma hadi gereji bila kuiwasha. Mwenye duka alimwona akipita, jasho linamtiririka, akafungua kinywa, akautazama uso wa jirani yake, akakifunga. Spana alisema tu bomba la mwanzo bado lipo, limening'inizwa pale ukutani, dakika chache linarudi.

"Rudisha. Halafu uza."

"Kaka, hii bado inanukia upya wa dukani."

"Uza, Spana."

Akarudi kwa miguu akidhani kazi imekwisha. Mlio umeondoka, na hofu itaondoka. Kama jino bovu: unang'oa, kidonda kinafunga.

Alimkuta mama sebuleni, wima, mgongo ukutani. Redio imezimwa. Viatu vimepangwa. Mkewe alikuwa kando yake na kikombe cha chai kilichopoa, anabembeleza.

"Amesimama hivyo tangu saa ile uliyozoea kufika," mkewe alisema. "Hataki kukaa, hataki kula."

"Mama, kaa. Hakuna anayekuja."

"Kachelewa," mama alisema bila kuondoa macho mlangoni. "Akichelewa ndiyo inakuwa mbaya zaidi."

Fundi Meno alimsogelea. Akaongea kwa upole, neno kwa neno. "Mama, baba alifariki. Zamani sana. Tulimzika. Haji tena."

"Shh!" Mama alimgeukia kwa hofu. "Usiseme hivyo. Akisikia?"

Nje giza lilikuwa linaanza kuingia, watu wanarudi kutoka makazini, mlango wa duka unafungwa na kufunguliwa. Kila kishindo cha barabarani kilimpitia mama mwilini. Kumwambia ukweli hakukusaidia. Uongo nao ndio uliowafikisha hapa.

Akachukua kigoda cha jikoni, akakiweka katikati ya sebule, mbele ya mama, akakikalia kuelekea mlangoni.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nakaa. Akija atanikuta mimi."

"Wewe? Wewe mtoto, mwanangu. Nenda kajifiche."

"Sichezi leo, mama. Hebu niangalie vizuri."

Mama alimshika kidevu, akakigeuza kwenye taa. Akapapasa ndevu zenye mvi. Akapanda hadi kwenye upara, akashuka, akakikodolea macho kitambi.

"Nani kakulisha hivi?"

"Nyie wote."

"Umekuwa mkubwa." Hakuwa na hakika. Alilizungusha wazo hilo, akalichunguza kama chenji ya duka asilolijua. "Mkubwa kumshinda?"

Fundi Meno alipiga hesabu. Yule mwenye mikono iliyompita huku na huku hadi kwenye usukani alikuwa kijana, kumbe, alipofariki. Kijana wa umri wa Spana.

"Kumshinda," alisema.

"Utamwambia nini?"

Mkewe alikuwa anamtazama. Ilikuwa rahisi kuuza pikipiki.

"Nitamwambia hapa haingii."

"Sema kwa sauti. La taratibu huwa halisikii."

Akaukabili mlango. Sauti ilipotoka ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Baba! Hapa huingii!"

Nyuma yake akasikia kiti kinaburutwa, kinasogezwa hadi kwenye mgongo wake. Mama akakaa. Hatimaye amekaa. Mkewe akampa chai, na kikombe kikagonga sahani, kikagonga tena, kisha kikaacha.

Hapo ndipo pikipiki ilipoingia kutoka kwenye kona. Haikuwa ya kwake, ilikuwa ya mtu mwingine anayerudi kwake, kuukuu, mlio mzito. Mama alimkamata shati kwa nyuma kwa mikono miwili.

Maisha yake yote Fundi Meno, akisikia pikipiki ya zamani inapita, alikuwa akigeuza shingo. Popote pale, hata kazini, na taya la mtu mkononi. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu kwa nini. Alikuwa anataka awe yeye, baba yake.

Sasa alijikuta amesimama, kiganja kimebana komeo la mlango, na mlio unakaribia, unapunguza mwendo, uko sawa na dirisha. Asiwe yeye, alisema moyoni. Asiwe yeye, asiwe yeye.

Mlio ukapita, ukafifia upande wa kituo cha mafuta.

"Kapita?" mama aliuliza.

"Kapita."

"Usifungue bado," mama alisema, na hakuliachia shati.